Dozi iko Kombani, mgonjwa yuko Funzi

*Familia za kusini mwa Kwale zenye kijana aliyenaswa na unga huulizana wampeleke kituo gani. Kabla ya kulipa karo ya miezi mitatu, kuna mambo ya kupima, na nauli ya boti ni mojawapo.*

Methadoni, dawa ya kumtibu mvuta unga, hunywewa kila siku, Jumapili na Iddi zikiwemo. Mgonjwa hufika dirishani, jina lake hutafutwa, dawa ya maji hupimwa kwenye kikombe kidogo, naye huinywa papo hapo nesi akimtazama. Kisha husemeshwa kidogo, habari za nyumbani na za safari, ili ihakikishwe kwamba amemeza na hakuibana shavuni akaiuze nje.

Kliniki ya Kwale inayotoa dawa hiyo iko Kombani, kwenye barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Funzi ni kisiwa.

Anayetoka huko huvuka kwa boti hadi Bodo, hupanda bodaboda hadi kwenye lami, husubiri matatu ya Ukunda, na Ukunda hubadili gari. Baada ya bahari kuna zaidi ya kilomita 40 za barabara. Maji yakiwa yamepwa, boti husimama mbali na abiria huteremka kwenye tope, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini. Hizo ni nauli nne za kwenda na nne za kurudi, kwa mtu ambaye pengine ameshauza kila kilichouzika nyumbani.

Ndiyo maana kikao cha familia, kikishaitishwa baada ya isha, mara nyingi huishia kwenye uamuzi mmoja: apelekwe mbali, akafungiwe siku tisini, arudi mtu. Mjomba atatoa kiasi fulani, ami atauza mbuzi, dada aliye Uarabuni atatuma kilichobaki.

Uamuzi huo unaeleweka. Kwa mvuta unga, mara nyingi ndio wa gharama kubwa zaidi na wa matumaini madogo zaidi.

Njia ya baharini

Heroini, ndiyo huo unga, ilianza kuzoeleka Pwani ya Kenya miaka ya 1980, ikashika miji ya watalii na bandari: Mombasa, Malindi, Watamu, Ukunda. Ilikuja na majahazi kutoka pwani ya Makran, kwenye mpaka wa Iran na Pakistan, na bado huja kwa njia hiyo hiyo. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi moja nje ya maji ya Kenya. Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha wa Mombasa, waliopelekwa Marekani Januari 2017, walihukumiwa huko vifungo vya miaka 25 na 23.

Hayo ni ya magazeti. Kijijini habari huanza na kitu kidogo: sufuria haionekani, kisha simu ya bi mkubwa, kisha kipande cha wavu. Siku injini ya boti ikitoweka, siri ya nyumba moja inakuwa habari ya kisiwa kizima, maana injini moja hulisha watu wengi.

Kabla ya kufikiria hospitali, familia huwa imeshajaribu mengi. Kijana husomewa na kunyweshwa kombe. Huozwa, kwa dhana kwamba mke atamtuliza, na sasa wanaoteseka wanakuwa wawili. Hupelekwa dago na wavuvi ili akae mbali na mapusha, akapatwa na arosto, yaani mateso ya kuukosa unga, katikati ya bahari, na nahodha akalazimika kugeuza chombo.

Dua simdharau anayeiomba. Nasema tu kwamba arosto haisubiri.

Ulizeni kwanza anatumia nini

Kosa la kwanza hufanyika hapa, na halina uhusiano na pesa. Familia hujua kwamba mtoto "ameharibika", basi. Lakini unga, pombe, vidonge, bangi na muguka havitibiwi kwa namna moja, na kituo kinachodai kuvitibu vyote kwa ratiba ile ile kinastahili kutiliwa shaka.

Arosto ya unga huanza saa chache baada ya kete ya mwisho. Makamasi, miayo, kuharisha, kutapika, mifupa kuuma kana kwamba inapondwa, usingizi kuruka. Hupamba moto siku ya pili na ya tatu, na ndani ya wiki moja mwili huanza kutulia. Ni mateso, lakini mtu mwenye afya ya wastani, akipata maji ya kutosha na uangalizi, kwa kawaida hafi nayo.

Kwa pombe mambo ni tofauti. Mtu aliyekunywa mnazi au pombe kali kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kuanguka kifafa, kuweweseka, hata kufa. Vidonge vya usingizi, vile vinavyoitwa bugizi, vina hatari hiyo hiyo. Mgonjwa wa namna hii anahitaji hospitali kwanza, yenye daktari na dawa za kumshusha polepole. Kumfungia chumbani na ndoo ya maji ni kumweka katika hatari ya kufa. Kwa watu wa Funzi na Bodo, hospitali hiyo ya karibu ni ya rufaa ya kaunti, Msambweni.

> Mlevi wa miaka mingi akikatishwa pombe ghafla anaweza kufa. Mpelekeni hospitali kabla ya kituo.

Muguka ndio uliopigiwa kelele nyingi zaidi. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta waliupiga marufuku, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo. Kijana wa muguka na bangi hana dawa ya kikombe itakayochukua nafasi ya kilevi chake. Kinachomsaidia ni ushauri nasaha, usingizi, shughuli, na pengine matibabu ya akili ikiwa ameanza kusikia sauti. Mara nyingi hata kulazwa hakuhitajiki. Nimeona familia zikitaka kumlaza mtoto wa miaka kumi na saba kwa sababu ya majani, pamoja na watu wazima wanaojidunga sindano. Huko atajifunza asiyoyajua.

Utafiti wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wa 2022 ulikadiria kwamba Mkenya mmoja kati ya kila sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kilevi kimoja, pombe ikiongoza. Basi wengi wanaotafutiwa kituo si wa unga. Lakini huku Kusini, likisemwa neno teja, kinachofikiriwa ni unga, na ndiko tutakakokaa.

Siku tisini

Kituo cha kulala kina faida zake, na si haki kukibeza. Kinamtoa mtu maskani. Kinampa chakula kwa saa zake, usingizi, watu wa kuzungumza nao ambao hawamwoni mwizi. Mradi wa Omari wa Malindi, ulioanza miaka ya 1990 wakati wengi hawakutaka hata kulitaja tatizo, ulikuwa wa mwanzo kuwalaza na kuwatibu watumiaji wa heroini katika Pwani hii. Mombasa wakafuata wengine, wakiwemo Reachout na MEWA, na NACADA nayo ina kituo chake Miritini.

Bei hutofautiana mno. Kwa vituo vya watu binafsi, miezi mitatu inaweza kugharimu makumi ya maelfu ya shilingi au laki kadhaa, kulingana na mahali na starehe. Wapo wanaotangaza bwawa la kuogelea. Sijui bwawa linamtibu nini mtoto wa kisiwani.

Shida ya siku tisini ni siku ya tisini na moja. Kijana anateremka Bodo mnene, amenyoa, anasalimia watu kwa majina. Lakini mwili wake umesahau unga. Kipimo alichokuwa akikivuta au kujidunga bila shida miezi mitatu nyuma sasa kinaweza kumzimisha pumzi kwa mara moja. Mwenzake wa zamani akimkaribisha "moja tu ya kumbukumbu", hiyo moja inaweza kuwa ya mwisho.

Hatari ya kutoka kwenye matibabu imepimwa kwa watu wa methadoni. Tathmini iliyochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2017, iliyokusanya habari za watu zaidi ya 122,000 waliotibiwa kwa methadoni katika nchi mbalimbali, ilikuta vifo 11.3 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka wakiwa ndani ya matibabu, na 36.1 wakiwa wametoka. Wiki nne za kwanza baada ya kutoka ndizo zilizokuwa mbaya zaidi.

> Ndani ya matibabu ya methadoni: vifo 11.3 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Nje yake: 36.1.

Kwa hiyo mkizungumza na mwenye kituo cha kulala, msimuulize tu atafanya nini siku ya kwanza. Muulizeni siku mgonjwa akitoka anamkabidhi kwa nani. Akijibu kwamba akimaliza kwake huwa amepona, ahsanteni, mwondoke.

"Wanambadilishia unga kwa unga"

Upande wa pili wa ubishi uko Kombani. Kenya ilianza kutoa methadoni Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Malindi ikafuata 2015, kisha Kisauni na Kombani. Tanzania ilitangulia: Muhimbili ilianza Februari 2011. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005.

Dawa yenyewe ni ya jamii moja na heroini. Hapo ndipo wazee wengi huruka. Baba hukataa: nimemleta aache, mnampa nyingine? Na si wazee tu. Wapo waliopona kwa kuacha kabisa, wakafungua vituo vyao, na wanaamini kwa dhati kwamba anayekunywa kikombe kila asubuhi bado hajaacha.

Wahudumu wa kliniki huanza na yanayotokea nyumbani. Unga hudumu saa chache, kwa hiyo teja hushinda kutwa akisaka kete, na usiku akiiba ya asubuhi. Methadoni hudumu siku nzima na zaidi. Haimleweshi aliyezoezwa kipimo chake. Hana arosto, hana haja ya kuiba, hajidungi. Anaweza kulala, kula, kwenda baharini. Matibabu hayo huchukua miezi mingi, kwa wengi miaka, na kupunguzwa kwake hufanywa polepole pamoja na daktari.

Mimi nimeelemea upande huu, kwa unga. Sioni tofauti kubwa kati ya dawa hii ya kila siku na ile ya sukari au ya presha, ambayo hakuna mzee anayeionea haya. Lakini ina masharti yake, na familia iyajue kabla.

Anayekosa dozi siku kadhaa mfululizo hawezi kurudishiwa kipimo kile kile. Huanzishwa tena chini, kwa usalama wake. Anayechanganya methadoni na pombe au bugizi anaweza kufa usingizini. Anayetibiwa kifua kikuu aseme mapema, kwa sababu rifampicin huipunguza nguvu methadoni mwilini, na arosto hurudi wakati mgonjwa anaapa kwamba hajakosa hata siku moja. Baadhi ya dawa za Ukimwi hufanya vivyo hivyo. Hilo si jambo la pembeni: utafiti wa 2011 ulikuta virusi vya Ukimwi kwa asilimia 18.3 ya wanaojidunga.

Ubishi kama huu ulizuka pia mwaka 2012, serikali ilipotangaza kugawa sindano safi ili kuzuia Ukimwi. Viongozi wa dini Pwani, Waislamu na Wakristo, walipinga. Baadaye MEWA, ambayo ni jumuiya ya Kiislamu, ikawa miongoni mwa waliobeba kazi hiyo. Aliyezika vijana wa mtaa wake huanza kuhesabu upya.

Mlango wa kuingilia

Hakuna anayeamka asubuhi akaenda Kombani akapewa kikombe. Njia hupitia kwenye mashirika yanayokaa na watumiaji mitaani, na kwa upande wa Kusini linalojulikana ni Teenswatch la Ukunda. Huko mtu huandikishwa, hupewa ushauri kwa vikao, hupimwa, mkojo huchunguzwa kuona kama kweli ni heroini, kisha hupelekwa kliniki. Lazima awe mtu mzima. Dawa hailipiwi.

Kwa familia ya Funzi, hiyo ni habari njema na mbaya. Njema, kwa sababu kituo cha Ukunda hakimwombi mtu aache kwanza ndipo ahudumiwe. Anaweza kufika akiwa bado anavuta, akaoga, akafungwa kidonda, akazoeana na mhudumu ambaye mara nyingi naye alipita huko huko. Mbaya, kwa sababu vikao ni vingi na kila kimoja ni boti na matatu.

Ng'ambo kidogo, Zanzibar wana njia ya tatu. Mwaka 2009 ilianza soba hausi ya kwanza huko, ikaitwa Detroit kwa sababu mfumo wake uliigwa kwa waliopona wa mji huo wa Marekani. Nyumba huendeshwa na walioacha wenyewe, kwa hatua kumi na mbili za Narcotics Anonymous, ambayo ilizaliwa California mwaka 1953. Watu wa Kusini wana ndugu Unguja na Pemba, kwa hiyo fikra ya kumvusha kijana huko si ngeni. Nguvu ya soba ni kwamba mwenzako hadanganyiki, anazijua hila zote. Udhaifu wake ni ule ule: kwao ni kwao, na siku moja lazima arudi kwao.

Mkifika mlangoni

Kama baada ya kupima yote bado mnataka kituo cha kulala, nendeni mkakione kabla ya kulipa. Asiende mtu mmoja. Aende mwenye pesa na mwenye uchungu, maana hao huona mambo tofauti.

Cheti cha NACADA kiwe ukutani, na tarehe yake isomwe. Hilo ndilo la chini kabisa. Namba ya bure ya NACADA, 1192, hupokea maswali ya namna hii, na anayepiga halazimiki kutaja jina la mgonjwa.

Baada ya cheti, mimi ningeomba kuona chumba cha dawa kabla ya vyumba vya kulala. Kuna kabati lenye kufuli? Kuna daftari, na ndani yake kuna maandishi ya leo asubuhi, yenye saa na sahihi? Nesi yupo sasa hivi, au "ametoka kidogo"? Mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku, gari liko wapi na dereva analala wapi? Wana naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi aliyezidisha unga? Daftari tupu ni jibu tosha, hata kama vitanda vimetandikwa shuka mpya.

Kisha angalieni milango. Kufuli la nje usiku kwenye chumba cha watu kumi ni hatari ya moto kabla ya kuwa suala la haki. Minyororo, viboko, kumwagiwa maji baridi alfajiri: mambo haya yamewahi kuripotiwa Afrika Mashariki, na wanaoyafanya huyaita nidhamu. Anayekuambia kwamba hamtaruhusiwa kumwona wala kuzungumza naye kwa muda wote wa matibabu anaficha kitu. Wiki moja au mbili za mwanzo bila simu zina maana. Miezi mitatu haina.

Ulizeni pia ya kwetu. Ramadhani ratiba inakuwaje, na kwa kliniki ya methadoni, dozi hutolewa saa ngapi kwa aliyefunga? Kuna siku ya familia kukaa na mshauri? Kituo kinachomtibu kijana bila kuzungumza hata mara moja na mamake kinamtibu nusu.

Binti je?

Wanawake wanaotumia unga Pwani hufichwa zaidi, na vitanda vyao ni vichache mno. Kituo kinaweza kusema kinapokea wote, ukienda ukakuta mabinti wawili katika nyumba ya wanaume thelathini, na bafu moja. Hapo asilazwe. Akiwa na mimba, asikatishwe unga ghafla nyumbani, kwa sababu arosto inaweza kumtoa mimba. Methadoni ndiyo inayopendekezwa kwake, na ahudhurie kliniki ya wajawazito bila kuficha.

Anayenyonyesha huulizwa kwanza mtoto atabaki na nani. Swali hilo moja limewazuia wengi kutibiwa, na sijaona kituo cha Kusini kilicholijibu vizuri.

Nani analipa

Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanamhesabu aliyebainika kuwa na uraibu wa pombe au dawa za kulevya kuwa ni mgonjwa, na yanampa haki za mgonjwa. Hilo lina uzito hospitalini na kwenye bima. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imetoa nafasi kwa bima mpya ya SHA, ambapo mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 na asiye na ajira rasmi hulipa kuanzia Sh300 kwa mwezi. Kabla ya kuuza mbuzi, ulizeni kituo kwa maandishi kama kimesajiliwa na SHA kwa huduma hiyo, ni siku ngapi zinalipwa, na kinachobaki ni kiasi gani. Wengi hukubali SHA mlangoni na kuikana kwenye bili.

Methadoni ni bure, lakini bure hiyo huwa na mtu anayeilipia. Sehemu kubwa ya huduma za watumiaji wa unga Pwani ilijengwa kwa fedha za wafadhili, mpango wa Marekani wa PEPFAR ukiwa mmojawapo. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje, mashirika ya aina hii yalitikisika. Kwa mtu anayehitaji kikombe chake kesho asubuhi, tangazo la Washington hufika Kombani haraka kuliko matatu. Serikali ya kaunti inayojivunia kliniki inapaswa kueleza ni kiasi gani cha bajeti yake yenyewe kimewekwa humo.

Hesabu ya Funzi

Turudi kwenye kikao. Karatasi iko mezani, michango imeandikwa. Tuseme jumla imetosha karo ya kituo cha bei ya wastani kwa miezi mitatu.

Pesa hiyo hiyo inaweza kulipa chumba kimoja Ukunda au Kombani kwenyewe kwa muda mrefu zaidi ya miezi mitatu, chakula cha mtu mmoja, na nauli ya matatu ya kwenda kliniki kila asubuhi. Boti inatoka kwenye hesabu. Kijana anakaa karibu na dawa wakati wa wiki za mwanzo, kipimo kinapotafutwa na mwili unapozoea, kisha anaanza kuhesabu siku za kurudi nyumbani pamoja na wahudumu. Ulizeni mapema kama mgonjwa aliyetulia anaweza kuhamishiwa dozi mahali palipo karibu na Bodo, au kupewa ya siku mbili tatu. Majibu hubadilika kadiri mwongozo unavyobadilika, na anayeuliza sana husikilizwa.

Kuna anayepinga: Ukunda ndiko kwenye unga wenyewe, mnampeleka motoni? Pingamizi hilo ni zito na silipuuzi. Chumba lazima kiwe kwa jamaa, si cha kukodi peke yake. Kama hakuna jamaa Ukunda, Tiwi au Kombani anayekubali, basi kituo cha kulala kinapata hoja upya, ilimradi kiwe kile kinachomkabidhi mgonjwa kliniki siku anapotoka. Kwa mwenye pombe au muguka, chumba cha Kombani hakina maana. Mambo yake yako Msambweni na nyumbani.

Kikao kina kazi moja zaidi, na huenda ikachukua muda kuliko michango. Kliniki humtaka kila anayeanza methadoni alete mtu mmoja wa kusimama naye: jina, uhusiano, namba ya simu inayopatikana. Huyo ndiye atakayepigiwa kijana asipofika dirishani, naye lazima aelezwe madhara ya dawa, dalili za kuzidiwa na siku za miadi. Baba mara nyingi huwa baharini na mama hana simu. Jina hilo liandikwe kabla watu hawajatawanyika.